Kutengeneza rindiki ya Bali kwa mianzi ya Nyanda za Juu Kusini

Rindiki ni ala ya Kibali yenye mianzi 11 hivi, iliyotundikwa kwa kamba juu ya fremu ya mbao na kupigwa kwa virungu viwili. Kule Bali, Indonesia, hupigwa pamoja na filimbi ya mwanzi iitwayo sulingi, na ndugu zake wakubwa huchezesha ngoma ya Joged Bumbung, mojawapo ya ngoma za kisiwa hicho zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2015. Kwa kikundi cha Mbeya au Iringa kinachotaka kuonja muziki wa gamelani, yaani kundi la ala za Indonesia zinazopigwa pamoja, hapa ndipo pa kuanzia. Gamelani kubwa ni ya shaba nyeusi na inahitaji fundi wa kufua shaba, lakini rindiki inahitaji mwanzi, msumeno na masikio.

Mwanzi upi

Usiende kwenye mashamba ya ulanzi. Mwanzi wa ulanzi, ule unaogemwa Iringa, Mufindi na Njombe, una kuta nene mno, na chini karibu na shina mara nyingi umejaa kabisa. Hautalia. Hata hivyo mwenye shamba hatakuruhusu uukate, na ana haki. Mwanzi wa milimani, kama ule wa Rungwe, ni mwembamba na una uwazi mzuri, ila umo ndani ya misitu ya hifadhi. Bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu uache. Kinachofaa ni mwanzi mkubwa wa kijani au wa njano uliopandwa kandokando ya mito na nyumba, kama unavyouona ukishuka Tukuyu kwenda Kyela.

Chagua mwanzi wa miaka mitatu au zaidi. Mchanga hung'aa na bado una maganda kwenye mafundo. Uliokomaa una madoa ya ukungu mweupe, na ukiugonga kwa mpini wa panga hutoa mlio mkavu. Unahitaji upana wa ndani wa sentimita 5 hadi 6 kwa sauti za chini, na 3 hadi 4 kwa za juu. Ukuta uwe wa milimita 4 hadi 6.

Kata wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Wakati wa masika mwanzi hujaa maji na wanga, na wanga ndio chakula cha wadudu watoboao. Ukiona unga mweupe ukidondoka kwenye ala yako mpya, wameshaingia. Loweka vipande wiki tatu hadi nne mtoni au kwenye pipa, na kama ni pipa badilisha maji kila yanaponuka. Kisha visimamishe kivulini, penye upepo, miezi miwili hadi mitatu. Upepo mkavu wa Agosti hapa juu hupasua mwanzi uliolazwa juani kwa siku moja tu, na ufa hata uwe mwembamba kama unywele unaua sauti. Kata vipande vya ziada, angalau theluthi moja zaidi ya unavyohitaji.

Bomba na ulimi

Hapa ndipo wengi huharibu. Kila mwanzi wa rindiki ni vitu viwili katika kimoja. Upande mmoja umefungwa na fundo. Hilo ni bomba, na hewa iliyomo ndani yake ina sauti yake. Upande wa pili nusu ya mwanzi imekatwa ikabaki kama ulimi mrefu, na ulimi nao una sauti yake. Vikikubaliana, mwanzi unaimba. Visipokubaliana, utasikia kishindo cha kuni hata kama programu ya simu ya kupimia sauti inakuambia ulimi uko sahihi.

Bali hakuna kipimo kimoja cha sauti. Kila seti ina sauti zake, na fundi hunakili ala anayoijua. Kwa kuanzia, tumia mfuatano huu wa sauti tano za slendro, ngazi ya sauti ya gamelani, zilizopangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana: 260, 299, 343, 394 na 453 Hz (mitetemo kwa sekunde). Zirudie kwa kuzidisha mara mbili (520, 598, 686, 788, 906), na ya 11 iwe 1040.

Kupata urefu wa bomba kwa sentimita, gawanya 8,575 kwa namba ya Hz, kisha toa theluthi ya upana wa ndani. Kwa sauti ya 260 utapata kama sentimita 31 kutoka kwenye fundo hadi mdomoni. Kwa 299 ni 27, kwa 343 ni 23.5, kwa 394 ni 20, kwa 453 ni 17.5, na kwa 520 ni 15. Ongeza sentimita moja kwanza, kwa sababu mdomo hukatwa kwa mshazari na kipimo halisi huangukia katikati ya mshazari huo. Ulimi uache urefu sawa na bomba au kuzidi kidogo, hivyo mwanzi wa kwanza utakuwa na sentimita 65 hadi 70 kwa jumla. Fundo likiangukia kwenye ulimi, ling'oe kwa patasi na ulisawazishe kwa tupa.

Fuata utaratibu huu bila kuuruka. Anza na bomba: puliza kwa mshazari mdomoni mwake kama unavyopuliza chupa, na ukate kidogokidogo hadi hewa itoe sauti unayotaka. Kisha tu ndipo ushike ulimi. Kupunguza ncha ya ulimi hupandisha sauti. Kunyoa kwa ndani pale ulimi unapoungana na bomba huishusha. Nyoa kwa kisu kikali mara mbili tatu, piga, sikiliza, rudia. Ukigeuza utaratibu na kukata bomba mwishoni, ulimi nao unarefuka na sauti uliyoitafuta saa nzima inashuka tena. Sauti ikiwa imeshuka mno na ncha haina tena nafasi ya kukatwa, usilazimishe. Mwanzi huo utumie kwa sauti ya chini zaidi.

Fanya kazi hii mwanzi ukiwa mkavu kweli. Mwanzi wenye unyevu ni mzito na mlegevu, kwa hiyo sauti iliyopatikana mwezi wa nne itapanda ifikapo Agosti.

Pacha wasiofanana

Rindiki hutengenezwa mbili. Ya pili si nakala ya kwanza: kila mwanzi wake uko juu kidogo, tuseme Hz 6. Yaani 266 dhidi ya 260, 305 dhidi ya 299, na huko juu 526 dhidi ya 520. Zikipigwa pamoja, sauti inatetemeka mara sita kwa sekunde, na mtetemo huo, ombaki, ndio uhai wa muziki wa Bali. Fundi aliyezoea gitaa atataka kuzilinganisha zifanane, mkatalie. Tofauti ibaki ileile ya Hz 6 chini na juu. Ukiiongeza maradufu kila unapopanda, mianzi midogo itatetemeka haraka mno na itasikika kama imeharibika.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kinanda cha kwaya pembeni. Hatua za slendro haziangukii kwenye funguo zake. Waimbaji wafuate mianzi.

Kutundika

Fremu iwe ya mbao za paini, zile za Sao Hill zinatosha, mbili kwa mbili, upana ukipungua kutoka sauti za chini kwenda za juu. Shika mwanzi kwa vidole viwili, piga, na usogeze vidole hadi pale unapolia kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo pa kutoboa. Kwenye ulimi huwa ni karibu na moja ya tano kutoka nchani. Toboa kwa keekee nyembamba na upitishe kamba ya nailoni, ukiweka fundo la kamba kati ya mwanzi na mwanzi ili isigongane. Mwanzi ukigusa mbao popote, sauti inakufa.

Virungu: fimbo ya sentimita 30, kichwani duara la mpira. Soli ya kandambili inafaa kwa sauti za chini, mpira wa tairi kwa za juu.

Adabu

Dini ya Kihindu ya Bali haitenganishi ala na ibada, lakini huzipanga. Katika mkutano uliofanyika Denpasar mwaka 1971, sanaa za maonyesho ziligawanywa katika mafungu matatu: wali, ya ndani ya hekalu, bebali, ya kusindikiza ibada, na balih-balihan, ya kuburudisha. Joged na rindiki ziko fungu la tatu, kwa hiyo kuzipiga kwenye harusi Iringa si kukosa heshima. Seti takatifu kama selonding ya chuma ni jambo jingine, usiiigize. Na usivuke ala kwa miguu, zunguka. Wabali hutoa sadaka kwa ala zao siku ya Tumpek Krulut, inayorudi kila baada ya siku 210, na mtu aliyezoea hayo hataketi akitazama mtoto akiruka rindiki.

Mpigo wa kwanza

Muziki huu husukwa na watu wawili. Kusuka huko ni kotekani. Chukua sauti tatu zinazofuatana na uziite 1, 2, 3. Mpigaji wa kwanza, aitwaye polosi, anapiga 1 na 2 kwenye rindiki moja, na wa pili, sangsihi, anapiga 2 na 3 kwenye pacha wake. Nukta ni kunyamaza:

Polosi: 1 2 . 1 2 . 1 .
Sangsihi: . 2 3 . 2 3 . 3
Kinachosikika: 1 2 3 1 2 3 1 3

Anzeni kwa mdomo, mkitamka namba huku mguu ukigonga kwenye mpigo wa kwanza na wa tano, kisha shikeni virungu. Mpigo mmoja kwa sekunde unatosha mwanzoni. Kosa la kawaida ni sangsihi kusikiliza namba zake mwenyewe na kuhesabu nyamazo, atachelewa tu. Asikilize 1 ya mwenzake na aingie mara baada yake. Na mahali 2 inapopigwa na wote wawili, ombaki ndiyo itakayowaambia kama mmefika pamoja: mkipishana hata kidogo, badala ya mtetemo mtasikia mapigo mawili ya virungu. Hapo msiongeze kasi bado.