Somo: Kurusha ndege za modeli Uingereza bila kuvunja sheria, kwa sie tunaotoka Unguja na Pemba

Assalaam alaikum jamani. Somo hili nililiahidi tokea Ramadhani, Ramadhani ikapita na Idi ikapita, sasa nipo likizo nyumbani Kiembesamaki na mtoto wa dada yangu wa Chake anaondoka Septemba kwenda kusoma Leicester, kila siku jioni ananikalisha barazani, mjomba ndege yangu nnaichukuaje, mjomba nitarusha wapi, basi nikaona bora niandike mara moja na wengine mfaidike.

Huku kwetu wengi tumejifunzia ndege za lile povu jeupe la kufungia TV, unakata kwa wembe, unabandika kwa gundi, mota na servo (vimota vidogo vya kuongozea ndege) unaagiza China, unasubiri maji yatoke unakwenda pwani unarusha mpaka betri ziishe, na wanaokuuliza maswali ni watoto tu. Ujuzi huo ni wa kweli na wazungu wa klabuni kwangu walishangaa nnavyotua na upepo wa ubavuni (mtu kalelewa na kusi bwana). Lakini sheria ya kule haikuulizi unajua kurusha kiasi gani, inakuuliza namba zako ziko wapi.

HATUA YA 1: Betri, kabla hujafika hata uwanjani

Ndege yenyewe haina shida, vunja mabawa, funga kwa taulo, tia kwenye begi kubwa. Shida ni lipo, yaani betri zake za lithiamu. Betri za akiba HAZIINGII kwenye begi la kupakiwa chini, unakaa nazo mwenyewe juu, kila moja kwenye mfuko wake na ncha za waya umezifunika kwa tepu. Halafu kuna hesabu ya wati-saa, unachukua volti mara ampea-saa. Ile ya seli tatu ya mAh 2200 (yaani ampea-saa 2.2) ni 11.1 mara 2.2, inakuja kama 24, hiyo haina neno. Mpaka 100 hakuna wa kukusumbua, 100 mpaka 160 lazima shirika la ndege likukubalie kwanza na hazizidi mbili, ikipita 160 iache nyumbani. Sasa angalia seli sita ya mAh 5000: 22.2 mara 5 ni 111, hiyo tayari inataka ruhusa na wengi hawajui.

Mie nilinyang'anywa betri mbili nzima safari ya kwanza, si kwa ukubwa, kwa sababu ile karatasi ya juu yenye namba ilikuwa imebanduka na yule afisa hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani. Alikuwa na haki yake. Kwa hiyo kama karatasi imechakaa andika kwa maka peni volti na mAh zionekane. Na usisafiri na betri imejaa, ishushe mpaka volti 3.8 kwa kila seli, ndiyo salama na betri yenyewe inadumu.

HATUA YA 2: Rimoti

Fupi tu. Kama ni ya 2.4 GHz ya kisasa, ingia kwenye menyu uiweke kwenye mpangilio wa Ulaya, usiache wa Marekani. Kama ni zile kongwe zilizokuja na makontena ya mitumba, geuza nyuma usome. 35 MHz kule inaruhusiwa kwa ndege, 72 MHz ni ya Marekani, Uingereza usiiwashe kabisa.

HATUA YA 3: Namba mbili, usizichanganye

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Tokea Novemba 2019 mamlaka yao ya anga, CAA, inataka watu wajiandikishe, na kwao droni na ndege ya modeli ni kapu moja, usije ukasema mie sina droni mie nna ndege ya bawa. Kuna Flyer ID na kuna Operator ID. Ichukulie hivi: Flyer ID ni leseni ya dereva, Operator ID ni kadi ya gari. Ya kwanza ni ya anayeshika rimoti, ya pili ni ya mwenye chombo, anayebeba lawama. Kama ndege ni yako na unarusha mwenyewe unachukua zote mbili.

Flyer ID ni bure, unafanya mtihani kwenye intaneti, maswali 40 ya kuchagua, ukipata 30 umepita, ukifeli unarudia. Inadumu miaka mitano. Operator ID unalipa kila mwaka, pauni kumi na kitu, na lazima uwe umetimia miaka 18. Lipia kwenye tovuti ya CAA wenyewe, maana kuna tovuti za watu kati zinakutoza zaidi kwa kazi unayoiweza mwenyewe na simu mkononi.

Uzito: zamani mpaka ulikuwa gramu 250, lakini tokea 1 Januari 2026 Flyer ID inaanzia gramu 100. Operator ID ni gramu 250 na kuendelea, au gramu 100 kama ina kamera. Kwa hiyo wale wanaotegemea vindege vidogo kukwepa, mlango umebanwa.

Na kama umeshajiandikisha nchi nyengine usiseme basi nshamaliza, Uingereza hawaitambui ya nje, hata mgeni wa wiki mbili anaanza upya.

HATUA YA 4: Stika

Nimeitenga kwa sababu mie mwenyewe nilikosea. Nilichapisha namba vizuri, nikalaminisha, nikabandika kwenye ndege tatu, nikaenda klabuni najiona. Mzee mmoja akainama akasoma akacheka, ananiambia hii ya kwako ni ya kurusha, si ya chombo. Namba inayokaa kwenye ndege ni Operator ID, ile inayoanza GBR-OP. Inayoanza GBR-RP ni Flyer ID, hiyo kaa nayo. Herufi kubwa, urefu uzidi milimita 3, na isomeke nje au ndani ya sehemu inayofunguka bila bisibisi. Mfuniko wa betri unafaa. Namba moja hiyo hiyo unaitia kwenye ndege zako zote, ukiwa nazo ishirini pia.

HATUA YA 5: Klabu, na kwa nini nasema usirushe peke yako

Unaweza kurusha peke yako, sheria haikukatazi. Lakini hapo unabanwa na masharti ya kila mtu: usipite mita 120 juu, ndege uione kwa macho yako muda wote, mita 50 kutoka kwa watu wasiohusika, usipite juu ya mkusanyiko wa watu, na kama ndege yako ni gramu 250 na zaidi (zetu karibu zote) mita 150 kutoka sehemu za makaazi, maduka, viwanda na michezo. Chukua ramani ya mji wowote wa Uingereza utafute hapo, utaishia barabarani. Ongeza duara za viwanja vya ndege ambazo huingii bila ruhusa, na bustani za halmashauri ambazo nyingi zina sheria zake ndogo. Na raia wa kule tokea ule mkasa wa uwanja wa ndege wa Gatwick wa Desemba 2018, uwanja mzima ulisimama siku za karibu na Krismasi kwa sababu ya taarifa za droni, akiona kitu kinazunguka angani mkono uko kwenye simu.

Klabu ina kiwanja, mkulima kakodisha shamba lake, majirani wameshazoea. Nyingi ziko chini ya BMFA, chama cha warusha ndege za modeli wa Uingereza kilichoanza 1922, na makao yao makuu yapo hapo hapo Leicester, yaani mpwa wangu anakwenda mlangoni kwao. Ukijiunga unapata bima ya kumlipa mtu ukimuumiza au ukimvunjia mali, unaweza kupata Operator ID kupitia kwao, wana na mtihani wao unaosimama badala ya ule wa Flyer ID. Juu ya hapo chama kina kibali maalumu kutoka CAA, kwa kibali hicho ndege ya bawa chini ya kilo 7.5 inaweza kupita hata zile mita 120, ukiheshimu masharti yao. Peke yako hilo huna.

Klabu nyingi hazikuachi urushe bila msimamizi mpaka upate cheti cha A. Utaruka, utapiga namba nane, utatua mota ikiwa imezimwa kama vile betri imekufa, halafu unaulizwa maswali ya usalama. Kutua mota imezimwa sie ndiyo mchezo wetu, betri zetu lini zilikuwa nzima? Kilichonitoa jasho ni kusema. Kule kabla ya kutua unapaza sauti "landing!", na ukitaka kuingia kiwanjani kuokota ndege unatangaza. Mie nilizoea kunyamaza kama mvuvi, ikabidi nijifunze kupiga kelele.

Jambo la mwisho watakukagua: ukizima rimoti ndege ikiwa chini, mota inatakiwa isimame. Liseti nyumbani kabla hujaenda.

MASWALI YENU

Wete: Kaka Kiingereza changu cha kuungaunga, huo mtihani nitauweza?

Utauweza. Unafanyia nyumbani kwako na kitabu cha kanuni cha CAA unaruhusiwa kukifungua pembeni. Kisome mara mbili kabla, andika pembeni kwa Kiswahili maneno yanayokutatiza, maneno yenyewe yanarudi yale yale.

Fuoni: Mwanangu ana miaka 12, tunahamia kwa baba yake Coventry. Na yeye anaandikishwa?

Ndiyo mama. Flyer ID hata mtoto anapata, ila chini ya miaka 13 lazima mzazi awepo wakati wa kujiandikisha. Operator ID hapati, hiyo achukue baba yake, na stika ya ndege ya mtoto iwe namba ya baba. Mwambie mzee ajue na lawama ni zake.

Mkoani: Mie navaa miwani ya kamera naruka kama nimo ndani. Inakubalika?

Inakubalika ila usiwe peke yako, lazima pembeni yako awepo mtu anayeiangalia ndege kwa macho yake na mnasemezana. Na kile kirushio cha video cha 5.8 GHz kule ni miliwati 25, hizo 600 zenu za Mkoani zishushe.

Bububu: Mie naenda Ujerumani, si ni hivyo hivyo tu?

Si hivyo hivyo. Ule ni Umoja wa Ulaya, unajiandikisha nchi unayoishi na namba inafanya kazi nchi zote za Umoja, lakini ya Uingereza haiingii humo. Ujerumani bima ni lazima kisheria hata kwa kindege cha povu. Anza na bima.

Chukwani: Na ukirudi nayo nyumbani je? Maana wewe upo likizo, umekuja na ndege?

Hehe, nimekuja mikono mitupu. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo Unguja na Pemba mwenye kauli ni TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, na kanuni za vyombo visivyo na rubani zipo tokea 2018. Waandikie kabla hujafunga begi, usubiri jibu la maandishi, usije ukaanza kujieleza forodhani na begi wazi mbele ya watu. Na wewe wa Chukwani khasa, madege yanapita juu ya paa lako, hata ukipewa kibali usirushie hapo uani.

Chake: Mjomba, kwa hiyo ile nyekundu niichukue au nisiichukue?

Ichukue. Betri ile iliyovimba iache.