Kabla hujaandika plagini ya kupanga ripozitori za Gradle

Mnaobildi programu kwa Gradle na mnataka kuandika plagini, yaani nyongeza yake, ili projekti zote za ofisi zichukue laibrari kwenye ripozitori (ghala) moja, someni hapa kwanza. JCenter, ripozitori ya zamani ya umma, ifute kila unapoiona, imefungiwa matoleo mapya tangu 2021. Paswedi haikai ndani ya plagini, iweke kwenye gradle.properties ya ~/.gradle. Plagini iwe ya settings, yaani inaitwa ndani ya settings.gradle, na uwashe FAIL_ON_PROJECT_REPOS inayokataa projekti kujiwekea ripozitori zake, maana usipoiwasha, mtu akitia ripozitori yake kwenye build.gradle basi zako zote zinapuuzwa pale na wala huambiwi.

Sasa hii ndo ilonitia aibu. Nimekaa zangu hapa Unguja nikaandika plagini, nikaipandisha kwenye ripozitori ya ofisi, nikabildi, safi kabisa, nikamwambia kijana wetu wa Chake avute kodi aendelee. Baada ya Magharibi simu: "Kaka, inakataa, inasema plagini haionekani." Nkamwambia mtandao wako huo, zima uwashe. Maskini akanunua bando jengine, akahangaika hadi saa sita usiku, jibu lile lile. Asubuhi akanitumia picha ya skrini, nikasoma mstari wa chini: imetafuta Gradle Central Plugin Repository tu, kwengine haikwenda. Yakhe! Plagini ndo inayosema ripozitori ya ofisi iko wapi, na plagini yenyewe imo humo humo. Mlango nimeubana na ufunguo nimeuacha ndani. Kwangu ilipita kwa sababu kwenye ~/.gradle/init.d, folda ya skripti ambazo Gradle huzisoma mwanzo wa kila bildi, mlikuwa na kifaili cha zamani kinachoionyesha njia, nami nishakisahau. Bando nilimlipa.

Kwa hiyo anwani ya ripozitori yenye plagini iandike kwa mkono ndani ya pluginManagement, juu kabisa ya settings.gradle, na gradlePluginPortal(), ndo hiyo Gradle Central Plugin Repository, uitaje mwenyewe, maana ukiweka ripozitori yako, hiyo ya kawaida inaondoka. Kisha kabla hujamwita mtu jaribu na folda tupu badala ya ~/.gradle yako, ./gradlew -g /tmp/tupu build, ila gradle.properties yako ikopi humo kwanza la sivyo paswedi haitaonekana. Itashusha kila kitu upya, vumilia.

Majina ya laibrari za ofisi yafunge kwa exclusiveContent yasitafutwe nje. Mwaka 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza alivyopakia vifurushi vyenye majina ya ndani ya makampuni makubwa kwenye npm na PyPI, ripozitori za umma za JavaScript na Python, mifumo yao ikavibeba. mavenLocal(), ripozitori ya ndani ya mashine yako tu, itoe, toleo liandike namba kamili, usipandishe Alkhamisi jioni, na init.d yako hebu kaichungulie sasa hivi.