Kuskeiti kwenye barafu ukiwa unatokea Dom

Hapa Dom (Dodoma) barafu tunaijua ya kwenye friji tu, ila kama unapanga kwenda Nairobi pale hoteli ya Panari kuna uwanja wa barafu wa ndani, basi anza mazoezi huku huku na skeiti za matairi ya mstari mmoja, balansi yake inakaribiana. Sakafu ifagie kwanza, huu upepo wetu na mchanga wake, kokoto moja tu linakumwaga.

Kikubwa magoti aisee. Yakunje mpaka ukiangalia chini huoni vidole vya miguu, mikono mbele kidogo, macho usiyaweke miguuni, halafu tembea kama bata, visigino karibu vidole nje, unasukuma kwa pembeni sio kwa nyuma. Ukiona unaanguka usitangulize viganja, ndo watu wanavunjika hapo, we chuchumaa uangukie tako la upande alafu kunja ngumi usije ukakanyagwa vidole na vyuma vya chini ya skeiti za wenzio.

Ukifika kwenye barafu yenyewe vaa glovu, soksi nyembamba, kiatu kibane kifundo haswa. Kusimama: sukuma visigino nje, vidole viangaliane, chuma kinakwaruza barafu unapunguza mwendo taratibu.