Jinsi ya kupambanisha programu za chesi bila kuibeba hata moja

Mi nilianza kupambanisha programu kwa mkono, laptop mbili mezani, hii ikipeleka farasi f3 naisogeza kwenye ile, ile ikijibu narudi huku, na matokeo nilikuwa nayaamini kabisa mpaka siku nilipopiga hesabu. Kila hatua nachelewa kama sekunde 5, hatua 60 ni dakika 5 nzima, na programu moja ilikuwa inaendelea kufikiri hata zamu ikiwa ya mwenzake wakati nyingine nimeizimia hiyo, kwa hiyo zile dakika zote nilikuwa naigawia moja bure!

Kwa hiyo ziache programu zichezeshwe na kompyuta yenyewe. Shusha Cute Chess, ni programu ya bure ya kupambanisha programu za chesi, ingiza programu zako mbili halafu zilinganishe: muda sawa, kori sawa (vile viini vya prosesa), memori ya hash sawa (pale programu inapohifadhi ilichokwisha kukokotoa), kufikiri kwenye zamu ya mwenzake zima kote. Na laptop iwe kwenye chaji, ikiwa kwenye betri spidi inashuka.

Ufunguzi ndo watu wengi wanaharibu. Chukua faili la funguzi mbalimbali, yaani hatua za mwanzo za gemu, kila moja ichezwe mara mbili, A ikishika nyeupe basi marudio ishike nyeusi, la sivyo unapima bahati ya ufunguzi tu.

Ila automatiki peke yake sio haki jamani. Desemba 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind, iliifunga Stockfish 8, programu ya bure ya chesi, gemu 28, sare 72, haikupoteza hata moja, lakini Stockfish ilipewa dakika 1 kamili kila hatua na hash ya GB 1 tu kwa nyuzi 64 (hesabu 64 zinazokwenda kwa pamoja), wakati yenyewe imeundwa ijigawie muda, pagumu ikae sana, parahisi ipite. Watu walilalamika na mi naona walikuwa na haki.

Idadi ya gemu amua kabla hujaanza, usisimamishe eti kwa sababu unayoipenda inaongoza. Gemu 100 hazitoshi kutofautisha programu zilizopishana Elo 20 (pointi za kupimia uwezo wa mchezaji), ndo maana wa Stockfish tangu 2013 wana Fishtest, kompyuta za watu wanaojitolea zinacheza maelfu ya gemu kwa badiliko moja dogo tu.

Zikiisha sasa ndo tumia macho yako. Fungua faili la PGN, lile linaloandika hatua za gemu zote, tafuta gemu zilizoisha kwa muda kuisha au programu kukwama na kujizima, ukikuta nyingi upande mmoja rekebisha settingi urudie yote.