Betri ya pikipiki haikai na chaji? Pima kabla ya kununua

Kijana wa bodaboda aliniletea pikipiki akiwa ameshabadilisha betri mara mbili ndani ya miezi mitatu. Asubuhi stata inagoma, usiku taa inafifia. Hela ya betri ya pili aliikata kwenye hesabu ya bosi. Inaniuma kuona mtu anauziwa betri na fundi ambaye hajapima chochote, ilhali mita ya umeme ya bei ya chini inatosha kabisa.

1. Pima betri ikiwa imepumzika saa chache. Weka mita kwenye DC (umeme wa betri), kipimo cha 20. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vitakavyofuata vitakudanganya.

2. Safisha vichwa vya betri. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Wakati wa kufunga anza na chanya. Ukianza kufungua chanya na spana ikagusa fremu, ni shoti hapo hapo. Kisha fuata waya wa hasi hadi ulipofungwa kwenye injini au fremu, fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae. Msimu wa mvua, ethi (hapo waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma) yenye kutu hunisumbua kuliko kitu kingine chochote. Kuihakikisha: waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako abonyeze stata. Ikizidi nusu volti, ethi bado mbovu.

3. Washa injini, pima kwenye betri huku ukipiga resi. Inatakiwa ipande hadi kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, chaji haifiki. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri na kuudhibiti, imeshindwa kazi, itachemsha betri na kuunguza balbu. Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma ati unajaribu chaji. Umeme unaoruka unaweza kuua sidiai (CDI), kifaa kinachoendesha cheche ya plagi.

4. Chaji haifiki? Tafuta rektifaya, kile kipande cha alumini chenye mapezi. Zima injini, chomoa soketi yake uikague kwa macho na pua: plastiki iliyogeuka kahawia, pini iliyolegea, harufu ya kuungua. Kama soketi ni nzima na magneti (koili za kwenye injini zinazozalisha umeme) ina nyaya tatu za njano, weka mita kwenye AC (umeme unaotoka kwenye magneti), kipimo cha 200, washa injini soketi ikiwa imechomolewa, upime nyaya hizo za njano mbili mbili upande wa magneti. Usiguse pini kwa vidole. Jozi zote tatu zisome karibu sawa na zipande pamoja na resi. Jozi moja ikibaki nyuma sana, koili imeungua. Zikiwa sawa, na nyaya za kwenda kwenye betri ni nzima, hapo ndipo ununue rektifaya.

5. Fyuzi ikikatika kila mara, usifunge waya wala usiweke kubwa zaidi. Weka balbu ya indiketa mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti: zungusha usukani taratibu, tikisa nyaya za shingoni, maana hapo ndipo husuguana na fremu. Mahali balbu inapofifia, fungua ukague.

Ya yule kijana ilikuwa soketi ya rektifaya. Niliikata, nikaweka terminali mpya na kulehemu kwa risasi. Mita ikasoma 14.1.