Kumfundisha mtoto kusoma nyumbani: anza na silabi, majina ya herufi yasubiri

Mwongozo huu ni wa mzazi anayemsomesha nyumbani mtoto wa miaka 5 hadi 7, mtoto anayezungumza Kiswahili bila shida hata kama kwa majirani anacheza kwa Kiganda na kwenye televisheni anasikia Kiingereza. Kama lugha yake ya kwanza ni Kiganda au Kilugbara, anza na hiyo. Njia ni ileile, zinabadilika silabi na maneno tu. Mtoto akisoma neno asilolijua, hana namna ya kutambua kwamba amekosea. Akisoma "kiti" vibaya, sikio lake lenyewe litamsahihisha.

Watu watakuharakisha. Watakuambia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, ni kwa Kiingereza, basi mtoto aanze na Kiingereza. Lakini hata mtaala wa NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, tangu 2007, unataka P1 hadi P3 (darasa la kwanza hadi la tatu) wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, na P4 uwe mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Mtoto hujifunza mara moja tu kwamba maandishi ni sauti. Akishalielewa hilo kwa lugha anayoijua, atalibeba kwenda lugha nyingine.

Hatua ya 1: Vifaa

Nunua karatasi moja kubwa ya manila nyeupe, marka nyeusi, mkasi, daftari la mistari na penseli. Ikate manila nusu kwa nusu mpaka upate kadi 32. Andika kwa herufi ndogo peke yake, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa meza. Tumia rangi moja. Irabu zikiwa nyekundu na konsonanti nyeusi, mtoto atashika rangi badala ya umbo, na siku rangi ikikosekana atakwama.

Chati ya ukutani yenye A ya tofaa na Z ya punda milia, ishushe kwa sasa. Inafundisha majina ya herufi za Kiingereza, na majina hayo ndiyo yatakayokusumbua katika hatua ya 4. Programu za simu pia sizipendekezi mwanzoni. Mtoto hubonyeza mpaka ipatikane picha inayoshangilia, na hapo hajasoma kitu.

Hatua ya 2: Masikio

Wiki moja, dakika 5 kwa siku, bila maandishi. Mpigie makofi kwa silabi: ma-to-ke, ki-ta-bu, mbu-zi. Mnaweza kufanya hivi mkichambua maharagwe. Usiendelee mpaka aweze kukupigia neno ulilomtajia bila wewe kumsaidia.

Hatua ya 3: Irabu

a, e, i, o, u. Ni kazi ya siku tatu au nne. Ziite kwa sauti zake za Kiswahili na si vinginevyo.

Hatua ya 4: Silabi za kwanza

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, wengine muhula mzima, kwa hiyo nenda polepole.

Anza na m, kisha k, kisha t. Sababu ya m kuwa ya kwanza ni kwamba sauti yake inavutika: unafunga midomo, unavuta mmmm, halafu bila kuikata unafungua kwenye a, na mtoto anaiona silabi ikizaliwa mdomoni mwako. Sauti za k na t hazivutiki. Ukijaribu kuzitamka peke yake utatoa kitu kama "kuh-a", ambacho mtoto hawezi kukigeuza kuwa "ka". Kwa hizo mbili, mpe silabi nzima na usiivunje.

Nimeziweka k na t mapema kwa sababu ya maneno. Kwa konsonanti hizi tatu na irabu tano tayari mtoto anasoma mama, kaka, kuku, taa, kiti, kiatu, tatu, kata, kamata, maua na tumia. Anasoma pia matoke, yaani ndizi za kupika. Mtoto wa Uganda akisoma "matoke" mwenyewe, neno la sahani yake ya kila siku, anajua kwamba kusoma kuna faida. (Atakapokutana na maandishi ya Kiganda ataona "matooke" yenye o mbili. Mwambie tu kwamba Kiganda huandika hivyo.)

Matatizo utakayoyaona ni haya.

Kwanza, wimbo. Mtoto anaimba "ma me mi mo mu" vizuri kabisa, unafurahi, kesho yake unampa kadi ya "mo" peke yake na anakodoa macho. Tazama midomo yake: inacheza ma, me, mi, mo, anahesabu mpaka afike. Huyo ameshika wimbo, hajasoma bado. Usimfundishe silabi kwa mpangilio wa a e i o u hata siku moja. Anza na ma, mi na mu, ambazo ziko mbali kwa sauti. Baada ya siku mbili ongeza me na mo. Changanya kadi kila mara, na asubuhi kabla ya jambo lolote mpe kadi moja tu, ya katikati ya wimbo huo.

Pili, anasoma "ma" kama "em-a". Kuna aliyemfundisha majina ya herufi, aghalabu katuni au binamu aliye shuleni. Usimkaripie. Acha kabisa kutaja majina ya herufi kwa wiki kadhaa, na waombe walio nyumbani nao waache. Akisema "em", wewe funga midomo, vuta mmm, umwachie amalizie.

Tatu, anasoma silabi moja moja lakini hazigeuki kuwa neno. Anasema "ma… to… ke…" halafu ananyamaza, au anasema "ndizi". Tandaza kadi tatu mezani, kila moja mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja. Asome. Zisogeze karibu, asome tena kwa haraka kidogo. Zigusanishe, asome mara ya tatu, kisha muulize: "Umesikia neno gani?" Halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka 10. Wazazi wengi humtajia mtoto neno kabla ya kufika 4, na mtoto hujifunza haraka kwamba akikaa kimya atapewa. Likishindikana, rudi kwenye maneno ya silabi mbili zinazofanana, kaka na kuku, ndipo upande kwenye kata na kiti. Usitumie "mama" kama kipimo, kwani watoto wengi hulijua kwa sura.

Nne, anabahatisha. Anaona "ki" na kusema "kitabu" wakati mbele yake pameandikwa kiatu. Ondoa picha zote. Kisha, katika kila maneno 10, tia moja lisilo na maana, kama "tukima" au "mekato", ukimwambia waziwazi kwamba ni neno la mchezo. Neno la namna hiyo halibahatishiki, hivyo hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote. Lakini usizidishe, maana mtoto asipopata maana mara kwa mara huchoka.

Kipimo cha kuvuka: kadi 15 zilizochanganywa, azisome zote bila kusita, siku mbili mfululizo. Akishindwa 3, usiongeze konsonanti mpya hata kama mpango wako wa muhula unasema vingine. Faida kubwa ya kusomesha nyumbani ni kwamba hakuna darasa la kumsubiri wala kumkimbiza.

Vipindi viwe viwili vya dakika 15, cha asubuhi baada ya chai na cha jioni kabla giza halijaingia. Saa nzima ya mfululizo humaliza hamu ya mtoto na ya mzazi pia. Mdogo wake akisumbua, mpe bakuli la vizibo vya soda apange kwa rangi palepale mezani.

Hatua ya 5: Konsonanti nyingine

Fuata mpangilio huu: b, l, n, s, p, kisha w, y, h, z, j, g, mwisho f, v, d, r. Herufi b na d nimezitenganisha kwa makusudi kwa sababu zinafanana sura. Mtoto akiwa ameizoea b kwa wiki nyingi, hataichanganya sana na d.

Kwa l na r kuna sababu nyingine. Katika Kiganda, l na r ni kama sauti moja: r huandikwa baada ya e na i, na l mahali pengine. Ndiyo maana kazi moja ni omulimu na kazi nyingi ni emirimu. Mtoto aliyekulia Kampala au Masaka ataleta kanuni hiyo kwenye Kiswahili bila kujua, aandike "habali" na asome "karamu" kama "kalamu". Mfundishe l mapema na r mwishoni kabisa, halafu umpe kadi za jozi: kula na kura, kalamu na karamu. Mwonyeshe ulimi: kwenye l ncha inatulia juu nyuma ya meno, kwenye r inapigapiga. Angalizo: akisoma "karamu" akatamka "kalamu", lakini akakuambia ni sherehe, amesoma. Matamshi yasahihishe wakati mwingine. Ukikatiza kila neno kwa sababu ya r, ataogopa kusoma kwa sauti.

Hatua ya 6: Herufi zinazoungana

ch, sh na ny huingia kwa urahisi. Kisha mb, nd, nj, nz, mw, kw. Zote zifundishe kama silabi nzima: mbu, nda, nje.

Zipo sehemu mbili za kuangalia. Kwanza, m au n inayosimama peke yake: m-ti, m-tu, n-chi, n-ne. "Mbuzi" hukatika mbu-zi, lakini "mbu", yule mdudu, hukatika m-bu. Usimweleze kanuni, mpigie makofi tu kama hatua ya 2, mdomo wake unajua tayari. Pili, ng na ng': ngoma na ng'ombe. Alama ile ndogo iandike nene kwenye kadi. Mtoto anayejua Kiganda ana sauti ya ng' tayari, kwa hiyo inatosha kumwonyesha kwamba Kiganda huiandika ŋ.

Hatua ya 7: Sentensi na hadithi

Usingoje amalize konsonanti zote. Akishajua m, k, t, b, l na n, mwandikie: "Mama ana kuku. Kuku anakula. Bibi analima." Kunja karatasi mbili katikati, zishone kwa uzi, na una kitabu cha kurasa 8, sentensi moja kila ukurasa. Picha achore mwenyewe baada ya kusoma, ili picha isimsomee.

Baadaye tumia tovuti ya African Storybook, yenye hadithi za bure kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika. Pakua ukiwa na bando, kisha msome bila intaneti. Zisome wewe kwanza, kwa sababu tafsiri hazilingani ubora, na usimpe hadithi yenye silabi nyingi asizozifikia.

Hatua ya 8: Kuandika

Imla ya maneno 5 kwa siku, ya silabi anazosoma bila kusita. Yatosha.

Hatua ya 9: Kuvuka kwenda Kiingereza

Ngoja mpaka asome ukurasa asiouona kabla, kwa Kiswahili, na kukusimulia kilichomo. Sasa ndipo majina ya herufi yanaruhusiwa.

Anza na maneno ambayo irabu zake ziko karibu na za Kiswahili: ten, pen, net, pot. Tatizo la kwanza si irabu, ni mwisho wa neno. Kiswahili humaliza karibu kila silabi kwa irabu, kwa hiyo atasoma "teni" na "peni". Funika herufi ya mwisho kwa kidole, asome "te", ondoa kidole, na mwambie afunge neno kwa n bila kufungua mdomo tena. Hapa pia sauti zinazovutika ni rahisi zaidi, hivyo pen na ten zitangulie, net na pot zifuate. Maneno kama cake na night yaweke kando mpaka haya mafupi yasomeke bila i ya nyongeza.