Mtoto anaogopa paka? Anzia mbali, na chakula anachokipenda

Kumlazimisha mtoto amshike paka "ili azoee" mara nyingi huipalilia hofu. Jaribu njia ya Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1924 alieleza alivyomsaidia Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyemwogopa sungura: alimpa chakula anachokipenda, sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, kisha akamsogeza kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimchezea.

Ni kanuni ileile ya mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, waliodondokwa mate kwa ishara tu ya kuwa chakula kinakuja: kinachotangulia kitu kizuri mara kwa mara, mwili huanza kukipokea kama dalili ya uzuri huo.

Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Paka aonekane kwanza, pale mlangoni, ndipo chakula anachokipenda, tuseme embe, kitoke. Paka akiondoka, embe nalo liondoke. Mtazame mtoto mdomoni: akiacha kutafuna na akakodoa macho, mmesogea mno, rudisheni paka nyuma. Ukikazana hapo mambo hugeuka, na mtoto anaweza kulichukia embe lenyewe. Na tafadhali, paka awe mpole. Akimparura, mnaanza upya.